Askari kwenye kiti cha hakimu: kisa cha état de siège Kivu Kaskazini

Tarehe 6 Mei 2021 majimbo ya Kivu Kaskazini na Ituri, mashariki mwa Kongo, yaliingia chini ya utawala wa kijeshi, ule ambao hapa Goma kila mtu anauita état de siège. Rais Félix Tshisekedi alikuwa ameutangaza Aprili 30, akasaini agizo lake Mei 3. Gavana wa kiraia akaondoka, akaja Luteni Jenerali Constant Ndima, na naibu wake akawa afisa wa polisi. Viti vya mameya na vya wasimamizi wa wilaya vikachukuliwa vivyo hivyo na wanajeshi na polisi. Muda uliotajwa ulikuwa siku 30. Baada ya hapo, kwa ibara ya 144 ya Katiba, Bunge lingeweza kurefusha kwa siku 15, na tena 15. Walioandika ibara hiyo walikuwa wakifikiria hatari ya wiki chache. Kwetu imekuwa miaka.

Ugaidi ndio ulioleta utawala huo. Shabaha iliyotangazwa ilikuwa kukomesha mauaji ya raia, hasa yale ya Beni na Irumu yanayofanywa na kundi la ADF. Nimekifuata kisa hiki nikiwa Goma tangu mwanzo, na ninalosema ni hili: dola ilipigwa msituni, ikajiimarisha mjini. Iliongeza madaraka mahali ilipokuwa nayo tayari, ofisini, mahakamani na kwenye vizuizi vya barabara, ilhali muuaji alikuwa akipita njia ya mashambani ambako hapakuwa na askari hata mmoja wa kumwona. Raia akaumizwa na pande zote mbili.

Kwanza tumjue anayepigwa vita. ADF ilizaliwa Uganda mwaka 1995, kwa muungano wa Waislamu wenye msimamo mkali chini ya Jamil Mukulu na mabaki ya waasi wa NALU wa milima ya Rwenzori. Waliingia Kongo katika miaka ya mwisho ya Mobutu, wakatulia upande wa Beni. Kwa muda mrefu waliishi na watu: walilima, walifanya biashara ya mbao, walioa humohumo. Wengi huku Goma hawakujua hata jina lao. Januari 2014 jeshi la taifa, FARDC, likaanzisha operesheni iliyoitwa Sukola 1 na kuzivunja kambi zao. Kuanzia Oktoba mwaka huohuo yakaja mauaji ya raia kwa mapanga na mashoka, kijiji baada ya kijiji, katika eneo la Mbau, Kamango na Eringeti, ambalo watu walilibandika jina la pembetatu ya kifo.

Mukulu alikamatwa Tanzania mwaka 2015 na kupelekwa Uganda. Aliyechukua nafasi yake, Musa Baluku, ndiye aliyeligeuza kundi kuelekea kwa wapiganaji wa kimataifa. Aprili 2019 kundi linalojiita Dola la Kiislamu lilidai kwa mara ya kwanza shambulio kwenye ardhi ya Kongo, karibu na Kamango. Machi 2021 Marekani ikaiingiza ADF, kama tawi la Dola hilo, kwenye orodha yake ya makundi ya kigaidi, na majuma machache baadaye tukapata état de siège.

Lakini kuna sehemu ya historia hii ambayo wanasiasa huiruka, na bila hiyo kisa hakieleweki. Kanali Mamadou Ndala, askari aliyependwa kuliko wote hapa Goma baada ya kuwafukuza waasi wa M23 mwaka 2013, aliuawa karibu na mji wa Beni Januari 2, 2014, wakati operesheni dhidi ya ADF ikiandaliwa. Mahakama ya kijeshi ilimtia hatiani afisa wa jeshi hilohilo, Luteni Kanali Birocho Nzanzu. Mwaka 2018 Umoja wa Mataifa ulimwekea vikwazo Jenerali Muhindo Akili Mundos, aliyewahi kuongoza Sukola 1, kwa tuhuma za kuchochea na kushiriki katika baadhi ya mauaji ya Beni. Kwa hiyo mkulima wa Oicha aliyesikia kwamba sasa jeshi litakuwa gavana, meya na hakimu alikuwa na swali la haki kabisa kuuliza: nani atalichunguza jeshi lenyewe?

Wasomaji wa Tanzania wanakumbuka Semuliki. Desemba 7, 2017 ADF ilishambulia kituo cha MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, kwenye barabara ya Mbau kwenda Kamango, ikaua walinda amani 15 wa Tanzania. Hao walikuwa wanajeshi wenye mafunzo, silaha na kambi. Mwenye uwezo wa kuipiga kambi kama hiyo hatikiswi na cheo cha meya wa mji ulio mbali naye.

Jambo lililoniuma zaidi katika siku zile za mwanzo halikutokea kwenye uwanja wa vita. Jioni ya Mei 1, 2021, siku moja tu baada ya tangazo la rais, Sheikh Ali Amini alipigwa risasi akiwa katika sala ndani ya msikiti mkuu wa Beni. Alikuwa kiongozi wa Waislamu wa mji ule, na alikuwa akiwapinga hadharani wale wanaochinja watu kwa jina la dini yake. Majuma mawili hivi baadaye imamu mwingine, Moussa Djamali, naye akauawa upande wa Mavivi. Ukitaka kuelewa ugaidi unavyofanya kazi ndani ya jamii, anzia hapo. Waislamu ni wachache sana Kivu Kaskazini. Wao ndio wangekuwa wa kwanza kutambua kijana aliyebadilika, mgeni asiyejulikana kwao, mahubiri yanayozunguka kwenye simu. Wauaji walilijua hilo, wakaanza kuwanyamazisha wao.

Jirani Mkristo akamalizia kazi bila kukusudia. Mwenye kanzu akawa wa kutazamwa mara mbili kwenye kizuizi, mwenye ndevu akaulizwa anatoka wapi. Mtu aliyetishwa na magaidi kwa upande mmoja, na kushukiwa na majirani na askari kwa upande mwingine, hatapeleka habari kwa yeyote. Hasara hiyo haionekani kwenye taarifa ya jeshi, na kwa maoni yangu ni kubwa kuliko kambi yoyote iliyotekwa. ADF imekuwa ikivuta vijana kutoka Uganda, Burundi, Tanzania na Kenya, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha za video zake. Wengine walidanganywa kwa ahadi ya kazi. Wa kuwaeleza vijana hao kwamba wanadanganywa, kwa lugha yao na kwa elimu ya dini yao, ni watu wa aina ya Sheikh Ali Amini. Ulinzi wao haukuwa sehemu ya mpango ulioonekana.

Hapa Goma mtihani wa kwanza wa utawala mpya haukuwa wa bunduki. Mei 22 mlima wa volkano wa Nyiragongo ulilipuka, na alfajiri ya Mei 27 gavana wa kijeshi akaamuru watu wa kartie (mitaa) 10 kati ya 18 za mji waondoke. Mamia ya maelfu ya watu wakajimwaga njia ya Sake na ya mpaka wa Rwanda. Sisemi angefanya vinginevyo. Wiki zile zilituonyesha tu kwamba utawala ulioundwa kwa ajili ya Beni ulilibeba jimbo zima: Masisi, Walikale, Nyiragongo, Rutshuru, maeneo ambayo ADF haikuwa imefika na yenye vita vyake tofauti. Agizo moja liliwekwa juu ya magonjwa mengi.

Kisha zikaja mahakama. Ibara ya 156 ya Katiba inaruhusu mahakama za kijeshi kuchukua kazi ya zile za kawaida wakati wa vita au hali kama hii, na ndivyo ilivyokuwa kwa kesi za jinai. Raia aliyeshtakiwa kwa wizi, kwa kupiga mtu au kwa utapeli wa kiwanja akajikuta mbele ya hakimu mwenye magwanda. Mahakimu wa kijeshi ni wachache na majalada ya jimbo zima ni mengi. Mtu angekaa mahabusu miezi mingi akisubiri kusikilizwa kwa jambo ambalo mahakama ya amani ingelimaliza upesi. Gereza la Munzenze, lililopo katikati ya mji wetu, lilijengwa kwa ajili ya watu 350. Likajaa maelfu. Mama anayepeleka chakula pale kila siku haoni ugaidi ukipungua. Anaona mwanawe akikonda.

Na sheria iliyotungwa kwa ajili ya magaidi ikawaangukia wasemaji. Novemba 2021 wanaharakati 13 wa LUCHA, vuguvugu la vijana lililoanzia hapahapa Goma mwaka 2012, walikamatwa Beni walipokuwa wakipinga kurefushwa kwa état de siège. Aprili 2022 mahakama ya kijeshi ikawahukumu kifungo cha miezi 12. Wabunge waliokosoa nao walionja jela. Amnesty International iliyaandika mambo haya mwaka 2022. Mimi natazama upande wa usalama tu: hao vijana wa Beni ndio waliokuwa wakihesabu maiti, wakijua kijiji gani kimevamiwa na saa ngapi, wakipiga simu kwa makamanda. Dola iliwafunga watu waliokuwa macho yake.

Wakati huo muuaji alikuwa akibadilika. Juni 27, 2021 bomu la kienyeji lililipuka ndani ya kanisa katoliki la Butsili mjini Beni na kujeruhi wanawake wawili, na siku hiyohiyo mlipuko mwingine ukatokea karibu na baa. Siku ya Noeli mwaka huo mtu aliyejilipua aliua watu katika mkahawa mjini humo. Aprili 2022 mlipuko ukatokea kwenye baa ndani ya kambi ya jeshi ya Katindo, hapa Goma, ukaua watu na kutuambia kwamba umbali wa kilomita 350 hivi si kinga. Januari 15, 2023 bomu likalipuka katika kanisa la Kipentekoste la CEPAC huko Kasindi, Jumapili ya ubatizo. Zaidi ya watu kumi walikufa, na Dola la Kiislamu likadai kuhusika. Bomu la aina hiyo ni rahisi kutengeneza, halihitaji kambi wala kikosi, na linapiga mahali ambapo watu wamekusanyika wakijiona salama. Mwanamke wa Beni aliyekimbia shamba kwa hofu ya panga akakutana na hofu nyingine kanisani.

Novemba 30, 2021 Uganda na Kongo zilianza operesheni ya pamoja iitwayo Shujaa, muda mfupi baada ya milipuko ya mabomu mjini Kampala. Ndege na mizinga zikapiga kambi, kambi kubwa zikatekwa, na barabara ya Beni kwenda Kasindi ikapata nafuu ya kiasi. Hilo nalitambua, na wafanyabiashara wa Kasindi pia wanalitambua. Lakini ADF ilipovunjwa kambi ilijigawa vikundi vidogo, ikavuka kwenda magharibi, Mambasa na baadaye Lubero. Vikundi hivyo havina cha kulinda. Vinatembea na mateka wa kubeba mizigo, vinakula mazao ya watu, vinachoma kijiji kinachoshukiwa kutoa habari kisha vinaondoka kabla askari hajafunga kamba za buti. Ramani ya vifo ilisogea. Mkulima wa Mambasa, ambaye mwaka 2019 alisikia habari za Beni redioni, akawa yeye ndiye habari.

Kwa nini jeshi halikuwafuata? Sehemu kubwa ya jibu iko Rutshuru. Novemba 2021 M23 walirudi kwenye vilima vya Chanzu na Runyonyi. Juni 13, 2022 Bunagana ikaanguka. Vikosi vikatolewa upande wa Beni kwenda kuwazuia, na pengo walilolijua ADF likafunguka. Jimbo lililokuwa na gavana jenerali likawa na vita viwili na askari wasiotosha hata kwa kimoja. Mei 2022 serikali ikawatangaza M23 kuwa ni magaidi na kuwatoa kwenye mazungumzo ya Nairobi kati yake na makundi yenye silaha. Naelewa hasira ya uamuzi ule. Nami nina ndugu waliokimbia mji wa Kiwanja, Rutshuru. Ila ni vita viwili tofauti. ADF haina dai la kupeleka mezani, haitaki cheo wala kuingizwa jeshini. M23 ina madai, ina jeshi lenye sare na, kwa ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa, ina msaada wa Rwanda. Kuwaweka kapu moja hakukuzuia hata mji mmoja kuanguka, na Julai 2025 serikali hiyohiyo ilitia saini nao tamko la kanuni huko Doha.

Upande wa riziki, chukua kakao. Beni ni ardhi ya kakao. Mti wake hauvunwi kwa siku moja. Mkulima anarudi shambani tena na tena, peke yake au na watoto, na shamba liko mbali na nyumba. Hapo ndipo wengi wameuawa. Aliyekimbia anaacha matunda yakiwa yameiva, na mtu mwingine anayavuna: wakati mwingine ADF, wakati mwingine kijana mwenye silaha wa kikundi cha wenyeji, na watu wa Beni hawachoki kusema kwamba wakati mwingine ni mwenye sare. Gunia likifika kwa mnunuzi halina jina la mwenye shamba. Mauaji yakishampa mtu mavuno bila jasho, huyo atakuwa na sababu ya kutotaka yaishe, awe na imani yoyote au asiwe nayo.

Septemba 2021, état de siège ikiwa na miezi minne, msafara uliosindikizwa na jeshi ulishambuliwa kati ya Beni na Komanda. Magari yakachomwa na watu wengi wakatekwa. Barabara ya Goma, Rutshuru na Butembo nayo ilikatwa na vita vya M23. Mfanyabiashara wa Goma mwenye shughuli Butembo alilazimika kuruka kwa ndege, au kuzunguka Rwanda na Uganda na kuingia nchini mwake upya kupitia Kasindi. Gharama hiyo inaingia kwenye bei ya maharage na mchele. Inamfikia hata mtu ambaye hajawahi kusikia mlio wa risasi.

Siku ambayo Goma haitaisahau ni Agosti 30, 2023. Wafuasi wa kikundi cha kidini kilichojiita Wazalendo walikuwa wamepanga kuandamana dhidi ya MONUSCO na jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kabla ya jua kuchomoza wanajeshi waliwafyatulia risasi. Serikali yenyewe ilikiri vifo 43. Oktoba mwaka huo Kanali Mike Mikombe alihukumiwa kifo, na gavana Ndima aliitwa Kinshasa asirudi. Ni haki kusema kwamba safari hii kesi ilifunguliwa upesi na afisa mkubwa alisimama kizimbani. Lakini watu wale waliuawa na wanajeshi waliokuwa wamepewa mamlaka yote ili kuwalinda raia wasiuawe. Familia zilizozika hazina sababu ya kutofautisha risasi moja na nyingine. Mwezi huohuo wa Agosti mkutano wa meza ya duara uliitishwa Kinshasa kujadili état de siège, na Oktoba rais akatangaza kuilegeza hatua kwa hatua. Haikufutwa.

Usiku wa Januari 26 kuamkia 27, 2025, M23 waliingia Goma. Gavana wa kijeshi wa wakati huo, Peter Cirimwami, alikuwa ameshauawa siku chache kabla, mstari wa mbele. Katika vurugu za siku ile wafungwa wa Munzenze walitoroka kwa maelfu, wanawake wakabakwa na upande wao ukachomwa moto. Umoja wa Mataifa unasema zaidi ya wanawake 100 walibakwa, na wengi wao wakafia ndani ya moto. Nataka watu walitafakari hili kama sehemu ya kisa chetu. Kwa nini gereza la watu 350 lilikuwa na umati ule? Vita ni sababu, umaskini wa magereza yetu ni sababu. Miaka karibu minne ya kupeleka kesi za raia kwa mahakama za kijeshi zilizolemewa nayo ni sababu. Baadhi ya wanawake wale walikuwa hawajahukumiwa kwa lolote.

Kinshasa ilimteua Meja Jenerali Evariste Somo Kakule kuwa gavana mpya, na makao yake yakawa Beni. Mji ambao état de siège ilitangazwa kwa ajili yake sasa ndio kiti cha utawala, na Goma, ilikotoka amri, imetoka mikononi mwa serikali, uwanja wake wa ndege umefungwa, benki zake zikafungwa. ADF nayo haikungoja. Septemba 2025 ilivamia msiba huko Ntoyo, wilayani Lubero, ikaua zaidi ya watu 60. Novemba ikaingia kituo cha afya cha Byambwe, Lubero hiyohiyo, ikaua wagonjwa. Kurefushwa kwa siku 15 kuliendelea.

Kurudi nyuma hakuwezekani, lakini Bunge halijapoteza haki ya kudai hesabu. Kabla mbunge yeyote hajainua mkono tena kurefusha, adai karatasi tatu mezani: orodha ya raia walioshikiliwa na mahakama za kijeshi, pamoja na tarehe ya kukamatwa na hali ya jalada la kila mmoja, idadi ya askari walioko kwenye njia za mashamba ya Lubero, Beni na Mambasa, tofauti na walioko kwenye ofisi na vizuizi vya mijini, na taarifa ya uchunguzi wa mauaji ya Sheikh Ali Amini. Serikali ikiwa nazo, izitoe. Ikiwa hainazo, kesi za raia zirudishwe kwa mahakimu wa kiraia sasa hivi, Beni, Butembo na Bunia, ambako bado ina mamlaka, na askari wanaokaa kwenye viti vya wasimamizi wapelekwe Lubero.